Runinga Inayojizima

Baba watoto,

Naondoka ukiwa bado bafuni. Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Kitinda mimba asitoke bila soksi. Fundi wa runinga ~~aje jioni~~ mwambie asije kabisa.

Leo asubuhi umenicheka mbele ya watoto. Eti mwaka wa nne huu nasomea uhandisi wa umeme, tawi la kompyuta, na runinga yetu inajizima kila jioni nami naikodolea macho tu. Iliniuma.

Sasa sikia. Hesabu nimefaulu, saketi nimefaulu, hata ile fizikia iliyonitoa jasho. Sharti lililobaki ndipo chuo kinipe digrii ni kifaa nilichokiunda mwenyewe, kikajaribiwa nyumbani kwa watu. Changu kilikuwa nyuma ya runinga. Kikisikia mtu anakoroma, kinaizima. Runinga ni nzima, mume wangu.

Nimekichukua. Saa nane mchana walimu wanataka kukiona kikifanya kazi. ~~Usije.~~ Njoo. Kula ushibe kwanza, na ubebe mto.

Mama watoto