Ubani wa Gari la Betri

Walthamstow, London
Novemba 1996

Kwako Dada Zahra,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na mguu wa shemeji uwe umeshapona. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila baridi imeingia mapema na Mama amevaa sweta zake zote kwa pamoja. Jicho lake la kulia limebaki na ukungu kama nilivyokwambia kwenye simu, na daktari hana jipya. La kushoto ni zima kabisa, linaona kila sahani nisiyoiosha vizuri.

Barua yako niliipata. Umeandika kwamba tangu yale ya mwezi wa Mei hujafukiza ubani nyumbani kwako, hata Ijumaa, kwa sababu ubani uliomuunguza Mama uliutuma wewe. Nilitaka kukujibu kwa simu, lakini simu iko sebuleni na Mama naye yuko sebuleni. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kulia.

Kwanza nikueleze kazi yetu, maana najua unawaambia watu kwamba mdogo wako ni fundi wa redio. Karakana iko Tottenham, nyuma ya kanisa la Wakongo. Mwenyewe ni Arjun, Mhindi wa Mombasa anayekaa Stanmore, na kwa matusi ya Kiswahili hata wewe humuwezi. Hapa London maziwa yamekuwa yakipelekwa majumbani kwa vigari vya umeme tangu zamani, vinakwenda polepole bila moshi wala kelele. Arjun akaona kama umeme unabeba maziwa, utabeba na watu. Alinunua gari dogo la kawaida, tukang'oa injini ya petroli, tukatia mota, na betri tukazipanga kwenye buti. Ni zile betri za asidi, nzito kama mawe, kwa sababu ndizo tulizoweza kuzipata. Mimi kazi yangu ni hizo betri. Gari lilikwenda mpaka Stanmore na kurudi, na Arjun alipiga honi njia nzima kwa kuwa watu hawakulisikia likija.

Betri hizo zikichajiwa hutoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na cheche hulipuka. Kwa hiyo tulikubaliana karakana nzima kwamba wakati wa kuchaji buti likae wazi, na moto usisogee.

Mwezi wa Mei kampuni moja ya magari ilisema itatuma watu kuja kuliangalia. Wakiridhika wangetupa kazi ya kuunda mengine, wasiporidhika Arjun angefunga karakana. Mama aliposikia hayo akasema gari jipya halitolewi mbele za watu bila kufukizwa. Bi Hansa, mama yake Arjun, naye akaja na ndimu za kuweka chini ya matairi kuondoa husuda. Ndimu nilizikubali. Chetezo nilikikataa, nikamweleza Mama habari ya gesi. Alinisikiliza, akasema sawa, atafukiza uani gari likishatoka. Siku yenyewe alikuja na mkoba wake.

Yaliyofuata unayajua kama ulivyoambiwa. Mimi na Arjun tulikuwa nje tunawapokea wageni tuliposikia kishindo. Buti lilikuwa limefumuka na asidi imempata Mama usoni. Philippe, fundi mwenzangu, alimmwagia maji ya mpira bila kuacha mpaka gari la wagonjwa likafika. Wageni walipokwenda hospitali kumpa pole, Mama aliwaambia, Arjun akitafsiri, kwamba yeye ndiye aliyeingia na moto. Walisikitika sana. Walisema gari halina kosa, na kazi wakatupa.

Tangu hapo kila mtu amemlaumu. Mimi nilimnunia karibu mwezi mzima. Bi Hansa akija na chakula huuliza kwanza kama jiko limezimwa.

Wiki iliyopita nilitafuta kanga nzito nikaushusha ule mkoba wa Mama, uliotundikwa nyuma ya mlango tangu tutoke hospitali. Chetezo kilikuwa ndani, kisafi, hakina hata jivu. Pakiti ya makaa haikufunguliwa. Ubani ulikuwa kwenye kitambaa chako cha maua, na fundo ni lile lile ulilolifunga wewe, yale mafundo yako ambayo hata meno hayayawezi.

Nilimwekea Mama kitambaa hicho mapajani. Alilipapasa fundo, kisha akanieleza. Alikuwa amesimama pale akisubiri gari litoke, na kabla ya hapo alimwona Arjun akilifunga buti ili wageni waone rangi inavyong'aa, na waya wa chaji bado umechomekwa. Hakujua maana yake mpaka lilipolipuka. Nilikwenda kutazama mabaki ya betri aliyoyaweka Philippe. Nati moja ilikuwa imelegea na pembeni yake pameungua. Cheche ilitoka hapo.

Nilimuuliza Mama kwa nini alisema vile. Alinijibu kwamba gari linalojilipukia lenyewe halina mnunuzi, na mimi ningerudi kupanga makopo dukani. Lakini bibi mzee na ubani wake, Wazungu hawashangai.

Dada, nililia, sikufichi. Halafu nikakasirika, maana kwa kuwa lawama ilibebwa na ubani, hakuna aliyeligusa buti. Gari la pili limeshakwisha na limeundwa vile vile, halina hata tundu la kutolea gesi. Jumatatu nilimwambia Arjun. Aliwapigia simu kampuni mbele yangu akawaeleza yote. Kazi imesimamishwa, na kama itarudi hatujui. Mama hanisemeshi. Amemwambia Bi Hansa kwamba yeye alitoa jicho lake, na mimi nimelitupa.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na majirani wote wanaoniulizia uwape salamu zao. Ubani wako ninaurudisha pamoja na barua hii. Mama hakuniambia nikusalimie, lakini kifurushi amekifunga yeye mwenyewe, na hakutaka niliguse fundo lako. Lifungue wewe, Dada, ufukize Ijumaa hii.

Ni mimi mdogo wako,
Sundus