Maneno Niliyoyajaza Kwenye Pakiti ya Stafeli

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limo kwenye jalada, mtaani huitwa Wino
Umri: miaka 53
Kazi: mchapaji wa lebo na kadi
Makazi: chumba kilicho juu ya karakana yake

Naanza kwa kuliarifu Jeshi la Polisi, kwa heshima zote, kwamba unga wa stafeli unalainisha choo. Nimethibitisha mwenyewe, na wapangaji wenzangu tunaochangia choo kimoja ni mashahidi. Mengine yaliyoandikwa kwenye pakiti sina ushahidi nayo. Koplo ameniambia niende moja kwa moja kwenye tukio.

Mnamo tarehe 6 Machi, saa 4:00 asubuhi, Mama Juisi, muuza juisi wa mtaani kwetu, alikuja karakana kuagiza lebo za unga wake. Nilizichapa mchana ule ule.

Tarehe 13, saa 9:00 alasiri, dada yangu mkubwa aliingia na pakiti mkononi. Ana kisukari, na hujichoma insulini kila siku tangu ujana wake. Alinisomea kwa sauti: "Huondoa sukari, presha na uchovu." Akasema sindano atazipumzisha.

Tarehe 16, saa 1:30 asubuhi, mpwa wangu alinipigia simu. Nilimkuta dada ameketi ukingoni mwa kitanda, anahema kama aliyepanda ghorofa kumi. Pumzi yake ilinukia matunda. Mimi, kwa akili zangu hizi, nilifarijika kidogo, nikidhani ni stafeli.

Hospitali daktari aliuliza mara ya mwisho alijichoma lini. Mpwa wangu akasema chupa za insulini ziko kwenye friji, hazijaguswa. Nikamwambia daktari kuhusu stafeli. Akanijibu bila kuinua macho: "Hiyo harufu si ya tunda, mzee. Ni sumu, mwili umekosa insulini." Akasema stafeli lina vitamini C na nyuzinyuzi, mtu ale tu, lakini halishiki nafasi ya sindano.

Siku hiyo saa 10:00 jioni Mama Juisi alikamatwa kwa ajili ya maneno ya lebo ile. Nilipoulizwa hapa kaunta jana, nilisema nilichapa nilichopewa, na kwamba dada nilimkataza. Yote mawili si kweli.

Karatasi ya Mama Juisi, ninayoikabidhi leo, ina mstari mmoja kwa mwandiko wake: "Unga wa stafeli, gramu 250." Chini pakabaki peupe. Kwetu wachapaji lebo yenye nafasi tupu ni aibu, mteja atakuona mvivu. Kwenye kompyuta ninayo maneno ya kujazia, niliyoyatoa kwenye lebo za zamani za dawa za majani. Nikabandika yale. Mama Juisi alipoyaona aliuliza kama ni kweli. Nikamwambia, "Mama, hayo huandikwa kila mahali."

Na dada siku ile sikumkataza. Nilimuuliza tu kama ana hakika. Akacheka: "Wewe kazi yako wino, mdogo wangu. Haya wameandika wasomi." Niliona haya kumwambia msomi mwenyewe ndiye mimi. Nikacheka naye, nikamfungia pakiti ya pili, ile niliyoachiwa na Mama Juisi.

Hadi naondoka wodini leo asubuhi alikuwa hajafumbua macho. Naogopa.

Nimemaliza. Niliyoyasema leo ndiyo yaliyotokea.

Saini: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Nimemweleza kuwa kuanzia sasa atahojiwa kama mtuhumiwa. Ameuliza iwapo Mama Juisi ataachiwa leo, kisha ameomba apige simu wodini. Nimemruhusu.
Koplo wa zamu, 17 Machi, saa 5:40 asubuhi.