Mkono wa Kushoto wa Gauni la Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba si wa mapenzi wala wa mume, ni wa gauni, na najua utataka kucheka, lakini soma hadi mwisho kwanza.

Mimi ni mhariri wa video za harusi, mwaka wa tisa sasa, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na baba yangu ni fundi cherehani mstaafu ambaye mtaa mzima unamjua kwa tabia moja, kwamba ukimpa nguo aikague hatazami nje hata kidogo, anaipindua, anaangalia mishono ya ndani, ikiwa mbaya atasema mpaka uchoke na ikiwa nzuri anakurudishia bila neno, kwa sababu Baba hasifu, anasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kazi yangu anaiita kubofyabofya, rafiki zake wakimuuliza binti yako mkubwa anafanya nini anawajibu, huyo anabofya.

Mwaka jana mdogo wangu aliolewa na Baba akasema gauni ni juu yake, macho yalikuwa yameshafifia, anavaa miwani miwili kwa pamoja, lakini nani angemkataza, akaliinamia kwa miezi miwili likatoka gauni la lesi la mikono mirefu, mkono wa kulia vifungo saba, wa kushoto sita, na mahali pa kile cha saba jani dogo la uzi wa kijani, ambalo ndilo sahihi yake tangu ujana, kila nguo iliyotoka mikononi mwake ina jani hilo kushoto, hata sare zangu za shule zilikuwa nalo na nilitembea nazo kifua mbele kuliko watoto wenye nguo za dukani.

Siku yenyewe, baada ya keki, mshono wa mkono wa kushoto ukafumuka kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Msimamizi wa bibi harusi akabana pini haraka, waliokuwa karibu wakameza maneno, Baba hakuona kwa sababu miwani yote miwili ilikuwa mfukoni, ila kamera iliona, tena iliona pale pasipoweza kukatwa, dakika moja na sekunde kumi mdogo wangu akimkumbatia Baba, bega liko wazi, pini zinametameta, na upande ule hatukuwa na kamera nyingine. Mdogo wangu akanipigia simu. "Dada, Baba asiuone. Fanya unavyofanyaga."

Nikafanya. Nilitafuta mahali ambapo mkono wake wa kulia umekaa vizuri, nikauzungushia maski, yaani ule mstari tunaouchora ili kompyuta ijue cha kuonyesha na cha kuficha, nikaukata mkono mzima kuanzia begani hadi kwenye kifundo, nikaugeuza ukawa wa kushoto, nikaupachika juu ya ule uliofumuka, nikalainisha ukingo usionekane umekatwa, nikafananisha mwanga wa taa, na kwa kuwa sekunde moja ina picha ishirini na tano na mtu anayekumbatia hatulii, niliusogeza picha baada ya picha, picha elfu moja mia saba na hamsini, siku kumi na moja, na nakwambia bila haya, mshauri, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, mwenzangu wa ofisini aliitazama mara nne akaniuliza nimerekebisha wapi.

Sasa kila mgeni akija nyumbani Baba anawasha video, anaisimamisha palepale, anasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo cha televisheni, anasema, "Tazameni mshono huu. Nani siku hizi anauweza?" Kisha ananigeukia mimi, nami natazama zulia, maana najua ananisimanga, unaona kazi, siyo kubofya, na mshono wenyewe ni wangu! Na mama mmoja wa ghorofa ya chini ameuona huohuo, akamletea Baba kitambaa amshonee binti yake gauni la harusi, Baba akamwambia ngoja kwanza nimsikie huyu, akaninyooshea kidole, na wiki mbili sasa kitambaa kimekunjwa juu ya cherehani, kila jioni ananiuliza, "Enhe?" nami namwambia nitafikiri. Nikisema kweli ninamvua heshima ya gauni lake la mwisho, nikinyamaza mtoto wa watu atafumukiwa mbele ya wakwe zake, na la aibu kuliko yote, nataka Baba ajue kwamba ni mimi. Je, huo si ubinafsi?

Ni mimi, Mbofyaji.

*

Mbofyaji,

Ubinafsi wa nini? Umefanya kazi siku kumi na moja, unataka baba yako aijue. Waongo ni wale wanaosema hawataki. Mimi nimechoka na watu wanaodhani kompyuta ni mashine ya kusaga, kwamba unatia punje huku, unga unatoka kule, na aliyekaa mbele yake hana jasho. Kazi yako ina adhabu ya kazi zote safi: ikitimia haionekani. Paka akiingia ghalani panya wakaisha, nani anamshukuru paka? Jivune, nimekuruhusu.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mkono wa kulia una vifungo saba na hauna jani. Huo ndio ulioukata mpaka kwenye kifundo, ukaugeuza, ukaupachika kushoto. Basi niambie, mwanangu, kwenye video yako jani liko wapi? Umehesabu picha elfu moja mia saba na hamsini, vifungo saba vikakushinda.

Baba yako ameliweka jani lile kwenye kila nguo tangu ujana. Anaisimamisha video palepale, anabandika pua kwenye kioo na miwani yake miwili, wewe unadhani anatazama nini? Anatazama mahali ambapo jani halipo. Anajua mkono ule hakuushona yeye, na katika nyumba ile mwenye uwezo wa kuushona ni mmoja tu. Mtu asiyemsifu mtoto wake usoni amekusifu mbele ya kila mgeni mwaka mzima, kisha anakugeukia uone, nawe unatazama zulia.

Na kile kitambaa? Fundi anayejiamini hangoji kauli ya mbofyaji. Anajua kuna kitu kililipata gauni lake na nyote mmemficha, kama mtoto anayefichiwa dawa ndani ya uji. Hiyo ndiyo dharau, si mshono kufumuka. Mishono hufumuka. Mficha uchi hazai.

Simjui mzee wako, huenda nimemsoma vibaya. Hata hivyo la kufanya ni lilelile, na ulifanye kesho asubuhi kabla mkasi haujagusa kitambaa cha watu. Mpandishe ngazi mpaka kwenye chumba chako cha kazi, mkalishe kwenye kiti chako, hakikisha miwani yote miwili iko usoni. Usianze na machozi wala hotuba. Mfungulie kazi yenyewe, tabaka kwa tabaka. Utoe mkono ulioupachika, aone pini na bega lililo wazi. Urudishe. Umwonyeshe ukingo wa maski na ulivyoulainisha. Yaani umpindulie video, maana huyo hajawahi kuamini kitu asichokiona upande wa ndani.

Kisha mzungumze kuhusu gauni la jirani. Apime yeye, akate yeye, mishono aishone fundi mwenye macho mazima, naye aikague kwa vidole. Vidole vya fundi havivai miwani. Jani atie mwenyewe. Na mama wa ghorofa ya chini aambiwe mpango wote, mlangoni kwake, na Baba mwenyewe.

Akimaliza kutazama kazi yako, usimuulize ameionaje. Kama kuna kosa utalisikia, tena utalisikia sana, ukianza na vile vifungo. Lakini akikuachia kipanya mkononi, akanyanyuka bila neno, mshike mkono mshuke ngazi. Umeshajibiwa.