Beberu wa Sherehe

Ijumaa, baada ya simu

Siku sita! Beberu mmoja ameingia kwenye banda letu kule Northfield, na kwa sheria ya huku ugenini, mnyama mgeni akiingia, mbuzi wetu Malkia haruhusiwi kutoka mpaka siku sita ziishe. Na maonyesho ya mifugo, anakoshindana mwanangu Neema, ni kesho.

Shemeji ndiye aliyemleta jana, bila kuniuliza. "Neema akishinda tutakula hewa, shemeji?" Eti anaandaa sherehe mapema. Nyumbani mtu kama huyo ungemshukuru. Hapa amemfungia mtoto njia.

Namba ya shamba ninayo, hereni za utambulisho zipo masikioni, kibali cha kusafirisha kipo. Yote nimeyahangaikia mwenyewe kati ya zamu mbili za usafi. Yule mama wa ofisi ya mifugo akanisikiliza kwenye simu kwa upole, kisha akarudia yaleyale: magonjwa huenea hivyo. Najua! Lakini mwakani Neema atakuwa amezidi umri wa kundi la vijana. Miezi minane amemfundisha Malkia kutembea kwa kamba.

Nimemwambia Neema. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni sawa tu. Si sawa. Koti lake jeupe la maonyesho linaning'inia mlangoni, nimelipiga pasi asubuhi.

Shemeji amepiga tena kuomba radhi. "Na huyu beberu je, naye amefungwa?"

Huyo sheria inamruhusu kutoka hata kesho asubuhi, mradi aende moja kwa moja machinjioni.