Okidi ya Mama Mkwe na Sahani Iliyojaa Maji

...na ukiondoa hilo ua, mpendwa mshauri, ndoa yangu ni asali tupu, ndiyo maana naomba msaada kabla nzi hajaingia. Mume wangu, ambaye mpaka leo akisema "mke wangu" nageuka kutazama anaitwa nani, amenileta kuishi huku kwenye baridi, ambako asubuhi kioo cha jikoni kinajaa ukungu nasi tunachora mioyo juu yake kama watoto, na tulipoondoka kwao kwenye joto mama mkwe alinipakatisha ua lake la chunguni, okidi nyeupe, akasema, "Nakukabidhi wanangu wawili, huyu mrefu na huyu mwenye mizizi, wote hawapendi baridi." Nilicheka, lakini sasa sicheki, maana maua yamepukutika yote na majani ya chini yamegeuka manjano, ingawa nimeliweka ubavuni mwa hita, usiku nalifunika shali yangu ya harusi, na kila asubuhi nalimwagilia maji ya uvuguvugu, na ajabu ni hii, sahani ya chini ya chungu naiacha kavu lakini nikirudi kutoka kazini jioni naikuta imejaa maji, hata naamini ua linalia, linakumbuka kwao! Nilipomwambia mume wangu, akagugumia chai ikamuunguza ulimi, maskini, ana huruma huyo! Tena kati ya majani kumechomoza kitu cha kijani kama kidole cha mtoto, sijui ni ugonjwa, nimeshaandaa mkasi. Mama mkwe anakuja kututembelea, na dukani nimeona okidi nyeupe, pacha wa hii. Ninunue ninyamaze?

Bibi Harusi wa Kioo cha Ukungu

Mwanangu, hongera kwa ndoa na pole kwa ua.

Maua hayalii. Kuna mtu anakutangulia kurudi nyumbani na kulimwagilia, naye ni huyo aliyeungua ulimi. Anamkumbuka mama yake, anaona haya kukwambia. Wewe asubuhi, yeye jioni: baridi mnaisingizia tu, mnalizamisha wenyewe kwa mapenzi.

Weka mkasi chini! Kitazame hicho kidole. Kikiwa na ncha bapa kama glavu ya mtoto mchanga, ni shina la maua. Kikiwa na ncha ya mviringo inayong'aa, ni mzizi. Vyovyote iwavyo, ua lako li hai. Okidi ikiangusha maua inapumzika, na usiku wenye ubaridi kidogo ndio huiamsha. Basi shali rudisha sandukuni, na ua liondoe kwenye hita, linakaushwa bure. Mchana likae dirishani penye mwanga, usiku lisogeze mezani, jani lisiguse kioo. Maji ni asubuhi, na ni pale tu mizizi inapogeuka rangi ya fedha. Ikiwa bado ya kijani, imeshiba. Yanayobaki sahanini yamwage. Na mmwagilie pamoja, wewe na huyo mwizi wako wa jioni.

Pacha wa dukani? Thubutu! Mama aliyelilea ua hilo analijua kama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Mpigie leo, umweleze yote, umuulize habari ya kidole. Mama mkwe hupenda kuulizwa kuliko kudanganywa.

Nami umenitia hamu ya kujua ni shina au ni mzizi. Anwani yenu ninayo kwenye bahasha yako, nitapita kwenu kabla mwezi haujaisha, na nikikuta mkasi mezani tutakosana.