Majina Waliyoyataka Mbarara

Dada Consolata,

Tangu tukuzike kule Oruchinga kwa ndugu zako, kila Jumapili nakuombea kanisani. Lakini leo nataka kukueleza jambo, maana wewe ndiye ungelielewa upesi.

Mradi ulipotupanga wawili wawili tujifunze kazi ya tathmini, wewe Mrundi mwenye uzoefu, mimi Mkongo mgeni kabisa, nilidhani utakuwa mwalimu wangu. Kumbe ulinisikiliza tu nikihoji wakimbizi wenzetu hapa Nakivale, halafu njiani ukaniuliza, "Yule mama ulimkatiza kwa nini?" Kesho yake ikawa zamu yangu kukukosoa wewe. Niliona haya. Ukasema, "Sema tu, mudogo wangu. Tukikosea, wanaoumia ni wale tuliowahoji."

Ripoti ya mbegu zilizogawiwa na mradi niliimaliza peke yangu, wewe ukiwa umeshatutoka. Wanawake wanne walinieleza kwamba kiongozi wa kijiji aligawia jamaa zake kwanza, wao wakapata mvua zimekwisha. Nikaandika hivyo, bila majina. Mkuu wa mradi akaniita Mbarara. Naingia ofisini, namkuta na yule kiongozi, wameketi pamoja.

"Nipe majina yao, tuhakikishe," mkuu akasema.

Dada, daftari lenye majina lilikuwa kwenye mkoba, mapajani pangu. Kiongozi alikuwa anauangalia ule mkoba. Niligeuka upande ulikozoea kukaa wewe. Hakuna mtu.

"Majina siyatoi," nikasema. "Muende muulize kijiji kizima."

"Unajua mkataba wako unaisha mwezi huu?"

Nikajibu najua. Nilitoka na mkoba wangu, na kwa siku kumi sikulala vizuri. Niliwaza: na wale kina mama je, kama kiongozi ameshawajua?

Hatimaye walituma watu wengine, wakapita nyumba kwa nyumba. Walioyasema hayo wakawa wengi mno, hakuna wa kunyooshewa kidole. Kiongozi ameondolewa kwenye ugawaji. Mkataba nimepewa tena, ingawa mkuu hanisalimii.

Sasa nimepangwa pamoja na Kellen, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara. Jana aliniambia, "Wewe unauliza, unajibu mwenyewe." Nilikasirika, Dada. Kisha machozi yakanijia, maana alisema kweli, na ni wewe uliyekuwa ukiniambia hivyo.

Pumzika kwa Mungu. Nakuahidi sitamfunga mdomo Kellen, hata siku nitakayojiona nimeijua kazi.

Mudogo wako,
Furaha