Ukurasa Wako Nimemkabidhi Agripina

Editha mwanangu,

Kamwene. Siwezi kuanza bila salamu, hata kama najua hutaitikia.

Huku baridi imeanza vibaya. Juzi sakitu, ule umande ulioganda, imeunguza viazi vyote vya kule bondeni. Nilipoamka na kuona majani yalivyokuwa meupe, kitu cha kwanza nikasema, Editha kajifunika? Ndipo nikakumbuka. Usinicheke. Mama ni mama.

Nakuandikia maana kuna jambo nimelifanya kwenye kitu chako, na sitaki ulisikie kwa watu.

Ni ule ukurasa wa kazini. Ule uliouweka kwenye simu za wote wa karakana yetu ya masweta, sisi wafumaji wa hapa Njombe na wale wa dukani kwa Bwana Salum anayeyauza kule Makambako. Unakumbuka tulikotoka. Bwana Salum anampigia Agripina msimamizi wetu, Agripina anamwambia wa mashine ya kwanza, huyo anamwambia mwenzake, na kijani cha asubuhi jioni kimeshakuwa bluu. Ukasema basi, kila oda iandikwe mahali pamoja mtandaoni, na picha ya rangi, kila mtu aone, kila mtu aseme amefikia wapi. Walivyokusumbua! "Kazi yetu ya mikono, Editha, wewe unatuletea ya vidole." Na Agripina ndiye aligoma kuliko wote: "Sasa nikikosea humu si wataniona mpaka Makambako?" Ukamjibu huku unacheka, "Watakuona dada, halafu watakusaidia mpaka Makambako."

Mimi wa darasa la nne ukaniambia nisihangaike kuandika, nibonyeze tu nikiongea. Kola nafumia nyumbani, lakini humo nilikuwa kazini na wenzangu. Siku niliyoharibu kola, mke wa Bwana Salum akaona picha, akanitumia sauti: "Mama Editha, fumua mistari miwili tu, usianze upya." Mtu ambaye sijawahi kumwona uso!

Ulipoondoka pakawa kimya. Hakuna aliyekataza. Ila mtu akifungua anakuta picha yako pale juu, umefunga kile kilemba chekundu, naye anafunga. Nani ataandika "leteni saizi ndogo" chini ya uso wa marehemu? Wakarudia kupigiana simu. Haikupita muda, shule moja ya Makambako ikapelekewa masweta ya wakubwa matupu. Watoto wa darasa la kwanza wakafungua shule na vishati, kwa baridi hii. Mwalimu mkuu akamwambia Bwana Salum, mkikosea tena naagiza Iringa. Tukaogopa wote, maana shule zikituacha karakana inafungwa.

Wakaja nyumbani, Agripina na Bwana Salum, na kilo ya sukari. Wakaongelea mvua. Wakaongelea parachichi. Nilijua wanachotafuta, kwa sababu bila simu yako hakuna anayeweza kuingiza mtu mpya wala kubadilisha chochote, na simu ninayo mimi. Naichaji kila asubuhi, Editha, kama vile utakuja kuiomba. Nasikiliza sauti zako. Nilikuwa nimeificha ndani ya kitenge, najiuliza, wakiichukua hii nabaki na nini?

Agripina kaniona. Akasema, "Tutafungua tu mwingine mpya, mama, usijisumbue."

Bwana Salum akamkatiza. "Hapana. Kitu cha marehemu hakirukwi, Mungu amrehemu. Siku ya kumaliza msiba mligawa nguo zake, mkatoa na jembe lake. Hiki mbona mlikisahau? Kikabidhiwe."

Jembe lako alipewa shangazi yako, na kila nikipita shambani kwake naliona linalima. Halijawahi kunichoma moyo. Kwa nini hiki kinichome?

Basi nikaita majirani wawe mashahidi, nikanawa mikono, nikaishika simu yako kwa mikono miwili. Wote walidhani nitamtaja binti wa Bwana Salum, anayejua kompyuta. Nikamtaja Agripina.

Akaruka! "Mimi? Mama Editha, mimi nikigusa hapo nitafuta mpaka Makambako yenyewe!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu uondoke. Nikamwambia, wewe uliogopa kuliko wote, kwa hiyo mwenye kuogopa utamjua hata kabla hajasema. Huyo wa kompyuta atatuacha nyuma.

Tukabonyeza pamoja, yule binti akituelekeza kwa simu kutoka Makambako. Niliogopa jina lako litapotea. Halikupotea. Limeacha tu kuwa la msimamizi wa ukurasa, sasa limekaa katikati ya majina yetu. Pale juu wameweka picha ya sweta. Nililia kidogo, siwezi kukudanganya. Agripina akaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje kama mtoto: "Leteni picha za rangi. Aliyekosea aseme tu, tupo." Zikaanza kuingia hapo hapo, nyingine zimepigwa kichwa chini. Na mtu wa dukani akagundua bluu moja siyo yenyewe kabla uzi haujapanda mashineni.

Sasa akina mama wa parachichi wa pale parokiani wananiuliza, hivi na sisi wa vijijini tunaweza kuwa na ukurasa kama huo? Nimewaambia anzeni, msisubiri kujua yote. Mimi, Editha! Mimi ndiye nimesema hivyo.

Ile shule imetupa nafasi nyingine. Masweta ya darasa la kwanza yanaondoka Ijumaa, na kola zote nimefuma mimi.

Pumzika, mwanangu, usituhangaikie. Ninachokuahidi ni hiki: mfumaji mgeni akiingia karakana, akiogopa kugusa simu, nitakaa naye mimi, mpaka aone hakuna aliyemcheka.

Mama yako